Vocha imekufa, pesa je?

Leo siasa naiweka kando kidogo, nataka tuongee habari ya karatasi tatu ndogo zilizomnyima mama yangu usingizi.

Kaka yangu anafanya kazi kwenye godauni moja hapa Mombasa. Disemba kampuni yao iliwapa wafanyakazi vocha za zawadi za supamaketi, tatu tatu, kila moja ya shilingi 1,000. Kaka akampa mama zote. Mama ni mtu wa akiba, akazifunga kwenye leso akasema hizi ni za viatu vya wajukuu shule zikifunguliwa muhula wa pili. Siku ilipofika akaenda, akachagua viatu, akachukua na sukari, akapanga foleni. Keshia akazitazama vocha, akazigeuza, akasema, "Pole mama, hizi zimekufa tarehe 31 Machi." Mama akamuuliza, "Zimekufa vipi na pesa ililipwa?" Keshia hakuwa na jibu, na si kosa lake, yeye kaajiriwa tu. Mama akarudisha viatu kwenye rafu mbele ya watu. Supamaketi yenyewe siitaji jina, maana mtindo huu si wa duka moja.

Lile swali la mama nimelizunguka nalo tangu siku ile. Nimesoma nilichoweza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika ili ukiambiwa "imekufa" ujue pa kuanzia.

Kwanza tuelewane vocha ya zawadi ni kitu gani. Mtu analipa pesa taslimu leo, duka linampa karatasi au kadi ya plastiki, na duka linabaki na deni la bidhaa. Hebu lisome tena neno hilo: deni. Maziwa yana tarehe kwa sababu yanaganda. Dawa ina tarehe kwa sababu inapoteza nguvu. Shilingi elfu moja iliyoko benki kwenye akaunti ya duka haigandi wala haipotezi nguvu. Tarehe iliyo nyuma ya vocha haisemi lolote kuhusu bidhaa, inasema tu ni lini mwenye duka ataacha kulitambua deni lake.

Na hapa ndipo hesabu inapoingia. Vocha ikiuzwa, vitabu vya duka haviandiki mauzo siku ile. Vinaandika kwamba tunadaiwa. Mteja akija kuchukua bidhaa ndipo pesa inahamia upande wa mapato. Asipokuja je? Zamani wengi walisubiri tarehe ipite ndipo deni lifutwe. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, inaruhusu kampuni yenye uzoefu wa kutosha kukadiria mapema ni sehemu gani ya vocha haitatumika kamwe, na kuiingiza kwenye mapato kidogo kidogo kadiri wateja wengine wanavyotumia zao. Tuchukue mfano wa kubuni: duka limeuza vocha 1,000 za shilingi elfu moja, na linajua kwa mazoea kwamba 50 hazitarudi. Hapo kuna shilingi 50,000 ambazo duka halitatoa hata kibiriti. Leso ya mama yangu ilikuwa ndani ya hesabu hiyo kabla yeye mwenyewe hajafika mlangoni.

Mtu atasema basi dawa ni kufuta tarehe tu. Si rahisi hivyo. Tazama Starbucks, wale wauza kahawa wa Marekani, walioanza kadi yao mwaka 2001. Kadi zao haziishi muda. Hata hivyo pesa za wateja zilizolala kwenye kadi hizo zimepita dola bilioni moja, na kila mwaka kampuni inaingiza kwenye mapato zaidi ya dola milioni 100 kwa makadirio kwamba hazitadaiwa. Watu husahau, hupoteza, hubakiza vijisenti. Kwa hiyo duka linafaidika hata bila tarehe. Mimi naona hiyo ndiyo hoja kubwa dhidi ya tarehe fupi: kama usahaulifu wa watu peke yake unakulipa hivyo, ya nini tena kumfungia mlango yule ambaye hakusahau? Mama hakusahau. Alikuwa anangoja.

Wenye maduka nao wana yao ya kusema, tusiwafunike. Wanasema hawawezi kubeba madeni ya miaka ishirini vitabuni, bei zinapanda, mitambo ya kusoma kadi inabadilika, karatasi za zamani ni rahisi kughushi. Hiyo ya kughushi nakubaliana nayo. Lakini ni sababu ya kubadilisha karatasi, mteja akileta ya zamani apewe mpya. Haitoshi kuwa sababu ya kuchukua pesa. Na bei kupanda humuumiza mwenye vocha, maana elfu yake inabaki elfu huku sukari ikipaa. Duka ndilo lililokaa na pesa muda wote huo.

Sasa wenzetu wamefanya nini? Kalifonia ilianza mapema. Vocha nyingi za maduka zilizouzwa huko tangu 1997 haziruhusiwi kuwa na tarehe ya mwisho, na mwaka 2008 wakaongeza kwamba salio likishuka chini ya dola 10 mteja angeweza kudai apewe taslimu. Serikali kuu ya Marekani ilikuja baadaye, kwa sheria ya kadi za mkopo aliyoitia saini Rais Obama Mei 2009. Sehemu ya kadi za zawadi ilianza kazi Agosti 2010: pesa isife kabla ya miaka 5 tangu kadi itolewe au iongezwe pesa mara ya mwisho. Sheria hiyo iligusa pia ujanja mwingine ambao wengi hawaujui, makato ya "kutotumia". Kadi inakaa tu kwenye droo, kila mwezi inakatwa dola mbili tatu mpaka inakuwa tupu kabla hata tarehe haijafika. Sasa huko kadi lazima ilale miezi 12 kwanza, na makato yasizidi mara moja kwa mwezi, tena yawe yametangazwa wazi.

Ontario, Kanada, ilipiga marufuku tarehe kwenye kadi nyingi za zawadi Oktoba 2007. Australia iliweka miaka 3 kuanzia Novemba 2019, na Ireland miaka 5 mwezi uliofuata. Uingereza haikuweka kiwango cha chini kwa sheria kama hizo, mambo mengi yanaachwa kwenye masharti ya duka.

Lakini iliyonisimamisha ni ya hapa hapa Afrika. Afrika Kusini ina Sheria ya Kulinda Walaji ya 2008, iliyoanza kutumika 2011. Kifungu cha 63 kinasema vocha au kadi iliyolipiwa inadumu mpaka ithamani yake itumike yote au miaka 3 ipite. Halafu kinaongeza jambo: pesa iliyolipwa, kwa kadiri ambayo bado haijatumika, ni mali ya yule anayeishika vocha. Si mali ya duka, wala haisemi ni ya aliyenunua. Ya anayeishika. Hilo ndilo jibu la swali la mama, limeandikwa kwenye sheria tangu zamani, ila upande wa pili wa Limpopo.

Hapo kuna tofauti ambayo ukiisahau utabishana bure kaunta. Sheria hizi zinalinda vocha iliyolipiwa. Kuponi ya bure, ile ya "nunua mbili upate punguzo", au pointi za tangazo, hizo duka limetoa lenyewe bila kupokea senti, na likizipa wiki mbili ni haki yake. Vocha ya Disemba ya kazini je? Mama hakulipa kitu, kweli, kaka pia hakulipa. Ila mwajiri alilipa. Duka lilipokea pesa kamili. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "mlipewa bure."

Na kwetu? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza mienendo isiyo ya haki. Malalamiko yanapokelewa na Mamlaka ya Ushindani. Tanzania wana Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake, FCC. Na kama una risiti na ubishi wa kutosha, Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, mwisho shilingi milioni moja, hakuna ulazima wa wakili. Kwa vocha ya elfu tatu wengi watasema nauli itanimaliza, na ndiyo maana mtindo unaendelea.

Wadau wa saiba mnajua jambo hili kwa jina lingine: bando. Umenunua data, usiku wa manane inapotea na pesa ulitoa. Ni deni lile lile lenye tarehe. Mwaka 2019 wakili mmoja wa Nairobi aliipeleka Safaricom mbele ya baraza la rufaa za mawasiliano kwa ajili ya bando zinazokufa, na Oktoba mwaka huo huo kampuni ikaleta vifurushi visivyo na tarehe ya mwisho. Vile vyenye tarehe havikuondoka, kwa sababu ni rahisi zaidi na wengi wetu tunavichagua wenyewe. Hapo walau mnunuzi anachagua. Anayepewa vocha ya zawadi hakuchagua masharti yoyote.

Kuna kifo kingine ambacho hata miaka 5 ya sheria haikizuii, duka lenyewe kufa. Sharper Image ya Marekani ilipofilisika Februari 2008 ilisimamisha kadi zake, kisha ikaruhusu zitumike kwa mteja atakayenunua vitu vya thamani mara mbili ya kadi. Yaani ongeza pesa ndipo upewe yako. HMV ya Uingereza ilipoingia kwenye usimamizi wa wafilisi Januari 2013 vocha zilikataliwa, wateja wakapiga kelele, baada ya siku chache zikakubaliwa. Kwenye foleni ya wadai, mwenye vocha husimama nyuma pamoja na wasio na dhamana. Nasi tumeona Nakumatt ilivyoporomoka mpaka wadai wakapiga kura ya kuifunga Januari 2020. Kwa hiyo mimi nikiona rafu za supamaketi zinaanza kuwa na mapengo, vocha naitumia wiki hiyo hiyo, hata kama ni kwa sabuni.

Sasa mambo ya mama yaliishaje. Nilirudi na vocha nikamwona meneja. Akaniambia masharti yako nyuma. Kweli yalikuwepo, kwa herufi ambazo mama hawezi kuzisoma hata akivaa miwani. Nikamuuliza kampuni ya kina kaka ililipa kiasi gani kwa vocha ya elfu moja. Akasema elfu moja. Nikamuuliza hiyo elfu iko wapi leo. Akanyamaza, akasema yeye hana mamlaka, niandike barua.

Barua haikuandikwa na mimi. Kaka alikwenda kwa ofisi ya wafanyakazi kazini kwao, na ikajulikana hawakuwa peke yao, kuna wenzake kumi na mmoja nao wamebaki na vocha zilizokufa. Mwajiri ndiye mteja mkubwa, hununua za mamia ya watu kila mwaka, akaandika yeye. Siku nne baadaye vocha zikagongwa muhuri mpya, siku 14 zaidi.

Mama alikwenda kesho yake asubuhi. Akapata viatu jozi mbili na sukari, jumla shilingi 2,860. Zile 140 zilizobaki hawakumpa, wakamwonyesha sharti jingine nyuma ya karatasi: vocha haina chenji.