Nyumba za Kale, Wageni Wapya: Historia ya Hoteli za Mji Mkongwe

Katika mtaa wa Hurumzi, Unguja, iko nyumba ndefu ya ghorofa iliyokuwa mali ya Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyesimamia ushuru wa forodha na kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa zama za Seyyid Barghash. Leo ni hoteli. Mgeni hupanda ngazi hadi juu ya paa, akala chakula cha jioni huku mji mzima na bahari vikiwa chini ya macho yake.

Nyumba hiyo ina kumbukumbu nyingine. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumwacha mtumwa huru siku ileile. Ilimlazimu aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, na aliyelipwa fidia alikuwa bwana wake. Masuria hawakuhesabiwa kabisa; walisubiri hadi 1909. Inaelezwa kwamba shughuli hiyo ya kuwaandika watu huru na kuwalipa mabwana ilifanyika katika nyumba hii hii ya Hurumzi.

Hapo ndipo penye uzito wa hoteli za kifahari zilizomo ndani ya majengo ya kale. Kinachouzwa humo ni kitanda pamoja na yaliyopita, na yaliyopita yana wenyewe.

Mawe, chokaa na boriti

Mji Mkongwe ulikua kwa kasi baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, kati ya miaka ya 1830 na 1840. Fedha ilitokana na karafuu, pembe za ndovu na watu waliouzwa. Waarabu walijenga nyumba zenye kuta nene na ua wa ndani. Wahindi wakaleta maduka ya chini na roshani za mbao zinazotazama barabara.

Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya hoteli hizi hadi leo ni vyembamba na virefu, hata mwenye hoteli awe na fedha kiasi gani.

Nyumba ya namna hii haivumilii kuachwa. Chokaa huruhusu unyevu kutoka ukutani, ila inataka kupakwa upya kila baada ya muda. Paa likivuja, boriti huoza, na boriti ikioza, ghorofa nzima hushuka. Fundi asiyeijua kazi akiziba nyufa kwa saruji huufungia unyevu ndani, na ukuta huharibika haraka kuliko ungeachwa ulivyo.

Baada ya Mapinduzi

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalibadili umiliki wa mji. Wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, waliuawa au waliondoka, na nyumba zao zikachukuliwa na Serikali. Familia kutoka mashamba na Ng'ambo, upande wa pili wa mji, zikapewa vyumba humo. Kwa watu ambao hawakuwahi kuruhusiwa kuingia katika kasri hizo isipokuwa kama watumishi, hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini kodi ilikuwa ndogo, mafundi wa chokaa wakawa wachache, na nyumba moja baada ya nyingine ikaanza kubomoka.

Mwaka 1985 Serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Miaka hiyohiyo biashara ilifunguliwa na watalii wakaanza kuongezeka. Mmarekani Emerson Skeens, aliyefika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona kwamba nyumba kuukuu inaweza kuwa hoteli bila kuvuliwa sura yake, na nyumba ya Hurumzi ni mojawapo ya kazi zake. Katika mtaa wa Shangani, jengo lililokuwa la mawasiliano ya simu za nje lilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 1997 kama hoteli ya Serena, katika kipindi ambacho Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulikuwa ukilifufua Jumba la Dawa la Kale lililo mbele ya bandari. Klabu ya Waingereza iliyoanzishwa 1888, ambayo Mwafrika aliingia humo kama mhudumu tu, ikawa Africa House. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mambo Msiige

Mgogoro mkubwa ulikuja na Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 lililo ufukweni Shangani, ambalo liliwahi kuwa makao ya ubalozi mdogo wa Uingereza na baadaye ofisi za Serikali. Lilipokodishwa kwa mwekezaji, wananchi walihoji kwa nini jengo la umma na uwazi wa pwani vigeuzwe hoteli. Kamati ya Urithi wa Dunia nayo ilipinga ukubwa na urefu wa jengo jipya lililojengwa kando ya lile la zamani. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2015 chini ya jina la Park Hyatt.

Wanaozitetea hoteli hizi wana hoja ambayo lazima isikilizwe. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jengo hilo halikuuzwa kwa mtu. Lilikuwa makumbusho ya taifa. Jengo lisilo na kazi wala kipato hufa, na hoteli huleta vyote viwili.

Lakini kuokoa ukuta ni nusu ya kazi. Nyumba za wageni zikiongezeka, familia huhama, na mji hubaki na mapambo bila majirani. Na historia ikiandikwa kwa ajili ya mgeni tu, mlango uliochongwa hupigwa picha, huku mtumwa aliyesimama mbele ya mlango ule akiomba cheti chake akisahaulika.

Na Basotu?

Msomaji wa wilaya ya Hanang, huku bara, atauliza haya yanamhusu nini, ilhali Basotu kwao hakuna kasri wala hoteli ya nyota tano. Yanamhusu sana. Katika miaka ya 1970 tambarare za Basotu ziligeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, hadi kufikia takriban ekari 100,000. Yalikuwa malisho ya Wabarbaig, na ndani yake kulikuwa na bung'eda, makaburi ya wazee wao wenye heshima. Matrekta yaliyalima mengi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iligeuza hukumu.

Unguja, jengo la mawe lilipata UNESCO ya kulisemea. Basotu, kaburi la udongo halikupata wa kulitetea hadi lilipokuwa limekwisha kulimwa. Vyote viwili ni urithi, na vyote vilikutana na mwekezaji. Tofauti ni kwamba Hurumzi bado tunaweza kuingia na kudai hadithi kamili isimuliwe.

Tuidai basi. Kila hoteli iliyomo ndani ya jengo la kale iandike ukutani, kwa Kiswahili, nani alilijenga, kwa fedha gani na kwa jasho la nani. Wanafunzi wa Zanzibar wafunguliwe milango bila malipo kwa siku zilizopangwa. Sehemu ya kodi ya majengo ya Serikali yaliyokodishwa itumike kutengeneza nyumba za majirani na kuwafundisha vijana ufundi wa chokaa. Na huku Hanang, kabla hati nyingine ya shamba au ya kambi ya watalii haijatolewa katika tambarare za Basotu, halmashauri ikae na wazee wa Wabarbaig, iyatambue makaburi yaliyobaki moja moja, na iyaingize katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kila kijiji.