Koltani ya Goma: Mzigo wa Kilo na Thamani ya Unga

Koltani, ambayo ni mchanganyiko wa kolumbiti na tantaliti, iliuzwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kwa kilo, ilhali thamani ya tantalamu, metali iliyomo ndani yake, ilitegemea jambo ambalo mizani ya mji huo haikuweza kulipima, yaani ulaini wa unga ambao viwanda vya ng'ambo vingeutengeneza. Unga huo hushindiliwa na kupashwa joto ndani ya ombwe hadi chembe zishikamane bila kuyeyuka, na kipande kinachopatikana hujaa vinyweleo, hivi kwamba umbo dogo hubeba uso mpana sana, ambao hufunikwa na utando wa oksidi usiopitisha umeme. Ndivyo kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, kilivyopunguzwa hadi kikaenea ndani ya simu.

Kanuni hiyohiyo ya kushikamanisha chembe ndiyo msingi wa wino unaopitisha umeme. Madini ya fedha huyeyuka kwenye takriban nyuzi 962 za Selsiasi, lakini chembe zake zikiwa za makumi machache ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) huungana hata chini ya nyuzi 200, kwa hiyo printa inayorusha matone huweza kuchora njia za umeme juu ya plastiki isiyostahimili moto.

Tukirudi kwenye machimbo yanayoizunguka Goma, koltani haikuwa mbele daima: chini ya kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, madini makuu ya eneo la Kivu, lenye mji huo, yalikuwa kasiteriti, mawe ya bati. Mwaka 2000, mahitaji ya simu na kompyuta yalipopandisha bei ya tantalamu ghafla, wachimbaji wa eneo la Masisi walimiminikia koltani, na nyumba za ununuzi, ambazo wenyeji huziita komtuari, zikashamiri Goma. Novemba mwaka huo kundi la waasi la RCD-Goma, lililoutawala mji, liliipa kampuni ya SOMIGL haki ya pekee ya kusafirisha madini hayo nje. Bei ilipoanguka mwaka 2001, ukiritimba huo nao ukavunjika, na hasara kubwa, bila shaka, ikawaangukia waliokuwa mashimoni.

Septemba 2010 Rais wa Kongo, Joseph Kabila, alisimamisha uchimbaji katika majimbo ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011, miezi michache baada ya Marekani kutunga sheria inayozitaka kampuni zieleze asili ya madini yao. Lebo zikafuata: kila gunia likapewa namba, na daftari likaandika shimo lilikotoka na uzito wake.