Safu ya Lugha: Kutawanyika

Moshi ukisambaa, umefika mbali. Ukitawanyika, umepungua ukali. Kwa askari walioko mafunzoni tofauti hiyo ni uhai. Moshi wa kuficha vikosi unaotokana na heksakloroethani na oksidi ya zinki hutoa kloridi ya zinki, sumu inayounguza mapafu. Wanaokokotoa mwendo wa moshi hutumia madaraja ya utulivu wa hewa ya Mwingereza Frank Pasquill, ya mwaka 1961, kuanzia A hadi F. Mchana wa jua kali na upepo hafifu, daraja A, hewa huvurugika na moshi hutawanyika upesi. Usiku mtulivu usio na mawingu, daraja F, moshi husambaa ukiwa bado mzito, ukitambaa chini hadi kwenye makazi ya watu. Waandishi wenzangu, tusiandike “umetawanyika” kabla vipimo havijathibitisha.