Chama cha Ushirika: Biashara Inayomilikiwa na Wanaoitumia

Chama cha ushirika ni biashara inayomilikiwa na watu wale wale wanaoitumia. Mkulima wa kahawa wa Moshi au wa korosho wa Tandahimba anayepeleka mazao kwenye chama chake cha msingi, maarufu kama AMCOS, si mteja wa chama hicho tu, bali ni mmiliki wake. Hapo ndipo ushirika unapotofautiana na kampuni.

Katika kampuni, uzito wa kura hutegemea wingi wa hisa. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Mwanachama hujiunga kwa hiari, hulipa kiingilio, hununua hisa na kukubali kufuata masharti ya chama.

Historia kwa ufupi

Nchini Tanzania, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925. Baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Vyama hivyo vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Hivi sasa ushirika unaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania.

Nani huamua

Mkutano Mkuu wa wanachama ndicho chombo cha juu cha maamuzi. Huchagua Bodi, hupokea taarifa ya ukaguzi, hupitisha makisio ya mapato na matumizi, na hupendekeza ukomo wa madeni ambao huidhinishwa na Mrajis. Bodi husimamia utekelezaji, na meneja aliyeajiriwa huendesha shughuli za kila siku.

Safari ya zao na fedha

Katika mfumo wa stakabadhi za ghala, mkulima hupima korosho zake kwenye chama cha msingi na kupewa hati inayoonesha kilo na daraja. Mzigo hupelekwa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Bei ikikubaliwa, mnunuzi hulipa na fedha huingizwa katika akaunti ya mkulima baada ya makato yaliyoidhinishwa, yakiwemo ushuru wa chama na gharama za usafirishaji.

Chama kikifunga hesabu za mwaka na kubakiwa na ziada, sehemu hutengwa katika akiba ya lazima. Kinachosalia wanachama wanaweza kuamua kukitumia kuendeleza chama au kukigawana. Mgawo huo huzingatia kiasi ambacho kila mmoja alikitumia chama: aliyeuza kilo 1,000 kupitia chama hustahili mara mbili ya aliyeuza kilo 500.

Wajibu wa mwanachama

Umiliki huu una upande wa pili. Chama kikikopa pembejeo na kushindwa kulipa, pengo hurudi kwa wanachama kwa njia ya makato. Mwanachama asiyehudhuria mkutano huwaachia wengine kuamua ukubwa wa makato yatakayopunguza malipo yake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanachama anapaswa kutunza hati za mauzo, kulinganisha kilo zilizopimwa na malipo aliyopokea, na kudai taarifa ya ukaguzi isomwe mkutanoni. Ukaguzi wa nje hufanywa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa. Asiyeridhika huanza kwa kuwasilisha lalamiko lake kwenye chama, na lisipotatuliwa hulifikisha kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa.