Kumbukumbu ya ukombozi katika Biblia ya Kiebrania

Hoja inayopita katika vitabu vingi vya Biblia ya Kiebrania: Israeli imekwisha kuokolewa, kwa hiyo itii. Amri Kumi (Kutoka 20) huanza kwa kutaja kutoka Misri kabla ya katazo lolote.

Hoja hiyo imekolea hasa katika Kumbukumbu la Torati, na sura ya 8 ni kama imeandikiwa Musonoi. Nchi ya ahadi inasifiwa kwa ngano, mizabibu, asali, na vilima vinavyochimbwa shaba. Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi kando ya Kolwezi, umekulia juu ya shaba, katika Katanga, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulioitwa kwa jina hilohilo, Shaba, tangu 1971 hadi 1997. Katika sura hiyohiyo linafuata onyo: mtu akishiba, akajenga nyumba nzuri na fedha ikaongezeka, atadai mali ni jasho lake mwenyewe, amsahau aliyemtoa utumwani. Kinachoogopwa hapo ni shibe.

Kumbukumbu hiyo ya ukombozi huzaa sheria za kazi. Kutoka 20 inaitegemeza Sabato juu ya uumbaji. Kumbukumbu la Torati 5 inaitegemeza juu ya utumwa wa Misri, ili mtumwa naye apumzike kama bwana wake. Mtumwa anayeachiliwa mwaka wa saba asiondoke mikono mitupu (sura ya 15). Masazo ya mavuno ni ya mgeni, yatima na mjane (sura ya 24). Kwa watu wa zamu na mishahara, mafungu haya yana uzito zaidi kuliko hata kupasuka kwa bahari wakati wa kutoka Misri, ingawa bahari ndiyo inayonoga mimbarini.

Kizazi kisichojua habari hizo huasi (Waamuzi 2, Zaburi 78). Ndiyo sababu ya mawe 12 ya ukumbusho huko Gilgali, maswali ya watoto yanayojibiwa kwa habari hizo, na Pasaka.

Katika Katanga, Pasaka hiyo iliadhimishwa na Wayahudi wa Elisabethville, sasa Lubumbashi, wengi wao wenye asili ya kisiwa cha Rhodes. Julai 1944 Wajerumani waliwakamata ndugu zao waliobaki kisiwani, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Wachache tu walinusurika. Kwa msiba wa namna hiyo ipo Zaburi 44: inakumbuka ukombozi wa mababu, inasema agano halikuvunjwa, kisha inamuuliza Mungu kwa nini amelala.