Wataalamu Wamefika

Gari la halmashauri likisimama Ngulyati, wilayani Bariadi, habari huenea haraka: wataalamu wamefika. Wa udongo ni mtaalamu, wa chanjo ya ng'ombe ni mtaalamu, wa mikopo ya vikundi naye ni mtaalamu. Waliowapokea ni wananchi tu. Mtu angedhani Kiswahili kina jina moja la mtu anayejua, kumbe kinayo tele. Sisi ndio mabahili wa kuyagawa.

Msomi, kwa mfano, zamani alinukia dini. Buganda, Wakristo wa mwanzo waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Pwani, mwanazuoni alipata jina lake kwenye vyuo, na chuo kilikuwa kitabu kabla hakijawa jengo. Leo msomi ni mwenye shahada, na mahakamani limekuwa neno la adabu ya kazi: wakili atamwita mwenzake "wakili msomi" huku akijiandaa kumbomolea hoja zote. Neno hili linataja kilichoingia kichwani, halisemi kama kuna kilichotoka. Wahenga waliliona pengo hilo wakasema elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Fundi yuko upande wa pili. Haulizwi cheti, anaulizwa kazi. Jina lake ni ndugu wa funda, funza na fundisha, kwa hiyo asili yake si nyundo bali mafunzo. Bingwa naye yuko uwanjani na yuko hospitalini. Mwaka 2024, kambi za Madaktari Bingwa wa Rais Samia zilipoanza kuzunguka hospitali za halmashauri, neno hilo lilifika hadi vijijini. Juu yake kuna daktari bingwa bobezi, aliyezama ndani ya tawi moja la ubingwa wenyewe.

Mwandamizi ndiye kichekesho cha ofisini. Kuandama ni kufuata, lakini mhadhiri mwandamizi ndiye anayetangulia. Mzoefu ana bahati mbaya zaidi: tangazo la kazi linamtaka kwa udi na uvumba, lakini mwizi pia huitwa mzoefu. Neno linapima muda tu, wema au ubaya wa kilichozoewa halina habari nao.

Kisha kuna mjuzi na mjuaji. Wote wawili wamezaliwa na kujua, lakini mmoja anaombwa ushauri na mwingine anaombwa anyamaze. Mwisho wa neno tu ndio unaowatenganisha. Kiswahili kimegundua kwamba maarifa yana tabia, na kwamba mwenye nayo akiyatangaza mno yanageuka kero.

Mganga ana mizigo miwili. Mganga Mkuu wa Wilaya ni cheo cha serikali, na mwenye nacho ni daktari. Mganga wa kienyeji, ambaye Wasukuma humwita nfumu, anatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Wengine humwita mtaalamu kwa sauti ya chini, kama klabu za mpira zinavyotaniwa kuhusu "kamati ya ufundi" inayofanya mambo yake usiku. Bariadi hiyohiyo ndiko iliko Gamboshi, kijiji kilichovumishwa nchi nzima kwa uchawi, kwa hiyo huko mtu akisema anakwenda kwa mtaalamu, si vibaya kumuuliza yupi.

Sasa turudi kwa mtaalamu wa udongo. Mkulima wa Kisukuma hasemi udongo tu. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, kichanga chepesi cha viazi vitamu na karanga. Ukishuka unakuta ibambasi, ardhi ngumu inayorudisha jembe. Bondeni kuna mbuga, ambayo kwake si hifadhi ya wanyama, bali udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, na mpunga huko ndiko kwao. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtafiti aliyefanya kazi Amani, Tanga, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki hujipanga hivyo kwa mfuatano, kutoka mwinukoni hadi bondeni. Aliuita katena, yaani mnyororo kwa Kilatini, na istilahi hiyo hufundishwa vyuoni duniani kote. Watafiti waliofanya kazi Usukumani wakayabeba majina ya wakulima kama yalivyo: mbuga, ibambasi, luseni yakaandikwa kwenye ripoti za sayansi. Maneno yakapandishwa daraja, wenye maneno wakabaki wananchi.

Kiarabu, lilikotoka neno mtaalamu, kinatutetea. Taallama ni kujifunza. Mtaalamu kwa asili yake ni mwenye kujifunza, na sharti hilo halina gari wala shahada. Anayekuja na kipimo cha maabara analitimiza, na aliyesoma mteremko mmoja kwa misimu yote ya maisha yake analitimiza pia. Kila mkutano una fomu ya mahudhurio: jina, cheo, sahihi. Wageni hujaza afisa hili na afisa lile, wenyeji wote wakaandikwa "mkulima". Mwenyekiti wa kijiji anayewajua watu wake anaweza kuandika "mjuzi wa udongo" mbele ya jina linalostahili, na katibu wa kikao akalazimika kumpa mwenye jina hilo nafasi ya kuzungumza kabla ya mgeni kufungua makabrasha.