Nundu kwenye mche wako: historia ya bakteria anayepandikiza vinasaba



Mwaka jana mkulima mmoja aliniletea mche wa fyulisi wenye nundu ngumu shingoni, pale shina linapokutana na mizizi. Nikamjibu haraka kwamba ni minyoo fundo. Nilikosea, naye alikwisha kupanda miche 40 ya namna hiyo. Ndiyo maana leo nakueleza historia ya nundu ile.

Mwaka 1907 huko Marekani, Erwin Smith na C. O. Townsend walionyesha kwamba nundu hizo huletwa na bakteria wa udongoni, ambaye baadaye aliitwa Agrobakteria. Huingia kupitia jeraha: la jembe, kisu cha kubebeshea au mdudu. Miaka ya 1940 Armin Braun akagundua jambo la ajabu. Hata bakteria akiuawa kwa joto, nundu huendelea kukua. Maana yake mmea wenyewe ulikuwa umebadilishwa.

Umebadilishwa na nini? Mwaka 1974 kundi la Jeff Schell na Marc Van Montagu huko Ghent, Ubelgiji, lilikuta ndani ya bakteria huyo pete kubwa ya vinasaba inayosababisha nundu. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake huko Seattle wakathibitisha kwamba kipande cha pete hiyo huhamia ndani ya seli za mmea. Kufikia 1983 wataalamu waliweza kuondoa jeni za nundu na kumpa bakteria jeni nyingine za kubeba. Kwa njia hiyo watafiti wa Kenya na Uganda wameshughulikia mihogo inayostahimili michirizi kahawia.

Lakini swali moja lilibaki: mbona mimea mingine hushikwa kwa urahisi na mingine hukataa? Hapa ndipo histoni zinapoingia. Vinasaba ni uzi mrefu mno, nao mmea huuzungusha kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye rili. Mwaka 2000 Kiran Mysore, Stanton Gelvin na wenzao walichunguza Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Walikuta mmoja ulioharibika jeni ya histoni H2A. Bakteria aliushambulia, na kipande chake kikafika hadi ndani ya kiini cha seli, lakini kilishindwa kujiunga na vinasaba vya mizizi ya mmea. Ni kama mgeni aliyefika hadi sebuleni akakosa kitanda. Waliporudisha jeni hiyo, mizizi ikashikwa tena. Mimea mizima ilipoongezewa jeni hiyo, ilishikwa kwa urahisi zaidi. Kumbe mwenyeji ndiye humsaidia mgeni kukaa.

Usidhani jambo hili ni la maabara tu. Mwaka 2015 watafiti walipima viazi vitamu vinavyolimwa, sampuli 291, na zote zilikuwa na vinasaba vya Agrobakteria. Viliingia vyenyewe zamani sana, kabla ya maabara yoyote. Babu zetu wamevila, nasi tunavila.

Sasa turudi shambani kwako. Kwa kuwa nundu ikishaanza inajiendesha yenyewe, hakuna dawa ya kuiponya. Kwa hiyo:

- Kagua shingo ya kila mche kabla ya kulipa. Minyoo fundo hutoa vinundu vingi vidogo mizizini. Nundu hii huwa kubwa, ngumu, yenye magamba.
- Mche wenye nundu ung'oe na mizizi yake, uuchome moto. Usiuuze kwa bei ya chini, maana unauza ugonjwa.
- Safisha kisu cha kubebeshea kwa moto au spiriti kila unapohama mche.
- Palilia kwa uangalifu karibu na shina, usilijeruhi.
- Bakteria hukaa udongoni miaka mingi. Mahali palipougua panda mahindi au nyasi za mifugo, usirudishe matunda au waridi.

Yule mkulima aling'oa miche 23. Kama ningeijua historia hii mapema, asingepanda hata mmoja. Ukiona nundu, mpigie afisa ugani wako kabla hujachimba shimo.